Kununua au kujenga: shajara ya kompyuta ya michezo ya binti yangu

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Ahadi ni deni, na hili limeiva. Binti yangu alipita ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, Jumatatu ameanza mwaka wa saba, na ni mimi niliyesema mbele ya kambo yake (kwetu kambo ni mzazi wa mzazi) kwamba akipita nitamtafutia kompyuta ya michezo. Ana miaka 12. Tangu matokeo yatoke hajanidai hata mara moja. Anapita tu karibu na kiti changu, daftari kifuani.

Leo nimemwomba anisomee alichoandika humo. Ni maneno machache kwa bic ya buluu: "Minecraft. Mpira. Kuchora. Isipige kelele, kambo analala." Minecraft ni mchezo wa kompyuta wa kujenga. Hilo la mwisho limenigusa, maana chumba cha kambo na sebule vimetenganishwa na ukuta wa tofali moja.

Nina dola 600, akiba ya miezi kumi. Kazi yangu ni bobinaji, hapa katika komini (kata) ya Kenya, jijini Lubumbashi, Kongo: naletewa mota za pampu na za vinu vya mahindi zilizoungua, natoa waya wa shaba uliokufa, nasuka mpya. Umeme naujua. Kompyuta ya michezo sijawahi kuifungua. Swali ninaloanza nalo ni moja: ninunue iliyo tayari, au ninunue vipande tuiunge hapa nyumbani?

Jumamosi, 13 Septemba

Tumeenda mjini na binti yangu. Katika duka la tatu kulikuwa na kompyuta yenye kioo ubavuni na taa zinazozunguka rangi zote.

"Muzee, hii njo yenyewe," muuzaji akaniambia. "Iko na mataa, iko na nguvu, batoto bote banaipenda."

Bei ni dola 480, bila skrini. Nikaomba aifungue ubavu, naye akakubali vizuri tu. Nikapiga picha kila kibandiko, nikamtumia mtoto wa dada yangu anayesoma informatiki chuo kikuu. Jibu lake lilikuja tukiwa bado dukani. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ni Intel Core i7-4770, ya mwaka 2013. RAM zake, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni DDR3, aina ya zamani. Kadi ya michoro ni Radeon RX 580, ambayo bado ina nguvu kwa michezo mingi. "Lakini, Mujomba, hiyo bodi inayobeba vipande vyote haina pa kuendea. Ukitaka prosesa mpya unabadilisha bodi na RAM pia. Tena tarehe 14 Oktoba Microsoft inaacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Hii ni ya kizazi cha 4."

Hayo yote yangeweza kuvumilika. Kilichonizuia kutoa pesa ni alimantasio, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vipande vingine. Kibandiko chake kilidai wati 600, na mstari wa chini ukaandikwa 220–240V. Kulikuwa na nyingine ya aina ileile rafuni, nikaiinua. Nyepesi kama pakiti ya biskuti. Mtu anayeshika koili kila siku hawezi kudanganywa na mkono wake: wati 600 zinahitaji shaba, zinahitaji viini vya koili, zinahitaji mabati ya kupozea. Vitu hivyo vina uzito.

Tumetoka mikono mitupu. Kwenye teksi binti yangu alinyamaza mpaka tukafika karibu na soko la Kenya, ndipo akasema, "Papa, mataa si ya lazima."

Jumapili, 21 Septemba

Wiki nzima tumepima umeme wa sebuleni. Mimi nashika multimeta, yeye anaandika. Umeme wetu unapaswa kuwa volti 220. Hizi ni namba za Alhamisi, siku ya kawaida kabisa: saa kumi na mbili asubuhi 214, mchana 203, saa moja jioni 168, saa nne usiku 189. Niliamka saa nane usiku nikapima tena: 233.

Saa moja jioni ndiyo saa ambayo mtoto amemaliza kazi za shule na anataka kucheza. Ni saa hiyo hiyo ambayo mtaa mzima unawasha reso, majiko ya umeme, kupika bukari, yaani ugali.

Mota ikipewa volti 168 haipunguzi kazi. Inavuta ampia nyingi zaidi, inapata joto, inaungua, halafu inakuja kwangu. Kompyuta nayo inataka wati zake zilezile, kwa hiyo umeme ukishuka alimantasio inavuta zaidi. Ile iliyotengenezwa kwa 220–240V peke yake ikifikishwa 168 itazima katikati ya mchezo au itakufa mapema. Ipo nyingine iliyoandikwa 100–240V, yenye sakiti ya kurekebisha jinsi inavyovuta umeme. Hiyo kwa 168 haisumbuki, imo katikati kabisa ya mipaka yake.

Nimemwambia aandike juu kabisa ya ukurasa, kabla ya Minecraft: 100–240V.

Jumamosi, 27 Septemba

Mpwa wangu amekuja na wazo la kati: kompyuta ya ofisini iliyotumika, Dell OptiPlex 7060 ndogo yenye Core i5-8500. Dola 190. Prosesa ni ya kizazi cha 8, Windows 11 inaikubali, na haina kelele. Kwa masomo na kuchora ningeichukua leo hii, na nimemshauri jirani yangu aichukue kwa mwanawe anayeandika TFC, kazi yake ya kumaliza masomo ya chuo.

Kwa michezo kuna tatizo. Alimantasio yake ni ya wati 200, na waya zake haziishii kwenye ile plagi ya pini 24 inayotumika kwenye kompyuta nyingi za kuunga. Ikifa, siwezi kuingiza ya kawaida kutoka duka lolote. Nitatafuta ileile, ya umbo lilelile. Kasha lake jembamba linapokea kadi za michoro fupi peke yake. Mimi ni fundi. Kifaa nisichoweza kukifungua na kubadilisha sehemu iliyochoka kinaninyima usingizi.

Konsoli ya michezo, kama PlayStation, tumeijadili dakika tano. Haichori, haiandiki kazi za shule. Tumeiacha.

Jumamosi, 4 Oktoba

Uamuzi umefanyika leo kwa kalamu na karatasi, na kilichoamua ni betri.

Nyumbani tuna betri ya volti 12, Ah 100, na inverta ya wimbi safi, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Umeme ukikatika, na unakatika, hiyo ndiyo inayoangaza nyumba. Betri hiyo ina wati-saa 1,200, lakini ni ya risasi na asidi; nikiinyonya chini ya nusu naiua. Kwa hiyo nina 600 za kutumia. Kompyuta ya dukani, yenye RX 580 inayokula wati 185 peke yake, ikicheza inafika karibu wati 300, na skrini juu yake. Ukitoa kinachopotea kwenye inverta, ni saa moja na nusu, kisha nyumba nzima iko gizani.

Mpwa wangu akapendekeza tuanze bila kadi ya michoro. AMD wana prosesa inaitwa Ryzen 5 5600G, ya mwaka 2021: viini 6, wati 65, na sehemu ya michoro imo ndani yake. Kompyuta nzima ikicheza haizidi sana wati 100. Ongeza skrini, wati 25. Ni saa nne hivi za betri.

Nilimuuliza binti yangu kama anaelewa kwamba mpira utaonekana vibaya kuliko kwenye ile yenye taa. Akauliza, "Na Minecraft?" Mpwa akasema Minecraft itaenda vizuri. "Basi," akasema, akageuza ukurasa.

Tunajenga. Huku kwetu nyumba inajengwa hivi: mwaka huu matofali, mwaka ujao mabati, siku Mungu akipenda simenti ya ndani. Kadi ya michoro itakuja mwaka mwingine, na nafasi yake kwenye bodi itakuwa inaisubiri. Alimantasio nimeamua iwe ya wati 550 tangu sasa, ingawa leo hatuhitaji hata nusu yake, ili siku hiyo nisiibomoe tena.

Jumamosi, 25 Oktoba

Oda imetoka. Yaya mmoja, yaani dada mkubwa, wa mtaa wetu anakwenda Dubai kuchukua nguo na viatu, amekubali kutubebea. Anatoza dola 15 kwa kilo, na hapo ndipo nilipojifunza kupanga nini kitoke wapi. Prosesa, RAM na SSD ya kuhifadhia mafaili ni gramu chache, basi zisafiri kwa ndege. Bodi si nzito. Alimantasio ina karibu kilo mbili, lakini sikupata hapa yenye kibandiko ninachotaka, nimeilipia kilo zake. Kasha ni kilo sita za bati na hewa. Hilo nimelipata hapa mjini, komini ya Kamalondo, kwa dola 30, limetumika, limekwaruzwa ubavu mmoja. Skrini ya inchi 24 pia nimeipata hapa, dola 50.

RAM imenitoa jasho. Mwezi wa tisa mpwa wangu aliona vijiti viwili vya gigabaiti 8 kwa dola 38. Sasa ni 64. Viwanda vitatu vikubwa vya kumbukumbu duniani, Samsung, SK Hynix na Micron, vinahudumia kwanza kompyuta kubwa za akili mnemba, na sisi wengine tunagombea kinachobaki. Nilitaka kununua kijiti kimoja sasa na kingine baadaye. Mpwa akakataa kabisa: michoro ya 5600G haina kumbukumbu yake yenyewe, inaazima RAM, na vijiti viwili vinaipa njia mbili za kupitia. Kwa kijiti kimoja mchezo ungekwama. Nimelipa 64.

Jumamosi, 15 Novemba

Vipande vilifika Jumatano. Yaya alikuwa ametupa makatoni yote ili kupunguza uzito, kama tulivyokubaliana, na prosesa alikuja nayo ndani ya mkoba wake wa mkononi, imefungwa kwenye kitenge. Mungu ambariki.

Tumeunga leo kwenye meza ya chakula, shuka safi chini. Nimemwachia binti yangu prosesa. Chini yake kuna miguu 1,331, kila mmoja mwembamba kuliko waya wa mwisho kabisa ninaoutumia kazini. Pembe moja ina alama ya pembetatu ya dhahabu, na soketi ina yake. Nilimwonyesha zote mbili kwa lenzi, nikanyanyua kile kimkono cha chuma cha pembeni, nikamwambia: "Usiisukume. Ukiiweka sawa itashuka yenyewe." Aliishika kwa ncha za vidole viwili, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, akaiteremsha. Haikushuka. Nikajizuia nisimnyang'anye. Akaisogeza upana wa unywele, nayo ikaingia bila sauti. Alinitazama kwanza kabla ya kutabasamu.

Feni inayokuja na prosesa inafungwa kwa skrubu nne zenye springi, na ilitubidi kwanza kutoa vishikizo viwili vya plastiki vilivyokuja na bodi. Mafuta ya kupitisha joto yalikuwa yamepakwa tayari. Skrubu tulizikaza kwa zamu, pembe kwa pembe, kama unavyofunga kifuniko cha mota, ili isielemee upande mmoja. Mwili wa kasha ulituchukua muda mrefu zaidi kuliko nilivyodhani, kwa sababu ya zile waya ndogo za kitufe cha kuwashia ambazo herufi zake hazionekani bila tochi.

Tulipowasha, feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Kwenye bodi taa ndogo nyekundu iliwaka karibu na neno DRAM. Kijiti kimoja kilikuwa hakijazama. Nilikuwa nakiogopa nikakibonyeza kwa adabu. Nilipokibonyeza kwa nguvu kikalia "tak", na mara ya pili picha ikatokea. Mama yao akaacha sufuria jikoni akaja kuangalia. Kambo akauliza kutoka chumbani kama imeanza, maana haisikii. Binti yangu akaweka alama ya vyema kwenye mstari wake wa nne.

Jumapili, 16 Novemba

Asubuhi mtoto amekuja kuniita: "Papa, inaniuma."

Alikuwa peku kwenye simenti, mkono juu ya kasha. Nikagusa kwa nyuma ya kidole. Kweli, kuna mtetemo, kama sisimizi wengi. Nikazima, nikachomoa, nikamwambia asiguse tena mpaka niseme.

Nilipoiwasha peke yangu nikapima kati ya bati la kasha na ardhi ya uani: volti 104. Nusu ya umeme wa ukutani, na nusu hiyo ndiyo iliyonielekeza. Kwenye mlango wa alimantasio kuna kapasita ndogo mbili za kuchuja makelele ya umeme. Moja inatoka waya mmoja kwenda kwenye bati, nyingine inatoka waya wa pili kwenda kwenye bati hilohilo. Bati likiwa limeunganishwa na ardhi, kinachovuja kinakwenda zake ardhini. Likiwa halijaunganishwa, linaning'inia katikati ya waya zote mbili. Niliweka balbu ya wati 15 kati ya kasha na ardhi. Haikuwaka hata kidogo, kwa hiyo kinachopita ni kidogo mno, hakiui. Lakini mwanangu yuko peku, na siku sehemu ya ndani ikiharibika kweli, njia ya umeme itakuwa mwili wake.

Nikafungua soketi ya ukutani. Ule mguu wa chuma wa katikati upo, unang'aa. Nyuma yake hakuna waya. Nikafungua soketi zote za nyumba. Hakuna hata moja. Nimeishi humu miaka kumi na moja, natengeneza mota za watu, na soketi zangu sikuwahi kuzifungua. Hii ndiyo sehemu ya mradi ninayotaka mzazi mwenzangu aisome mara mbili. Kompyuta ya dukani ingefanya vilevile, maana alimantasio za kompyuta huwa na kapasita kama hizo na ukuta ungekuwa uleule.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua za wiki hii zimelainisha ardhi. Nimepigilia fimbo ya shaba ya mita 2 nyuma ya nyumba, chini ya mwembe ambako udongo haukauki haraka, nikaizungushia makala, yaani makaa, yaliyosagwa na chumvi, nikamwaga ndoo tatu za maji. Kutoka hapo nimevuta waya wa shaba wa milimita 6 za mraba mpaka kwenye boksi la umeme, kisha mpaka soketi ya sebuleni. Nimeongeza disjonkta ya diferensiali ya miliampia 30, ile inayokata umeme wenyewe ikihisi unavujia mahali usipotakiwa. Fimbo bila hiyo disjonkta ni kazi nusu. Vyote dola 30, kwa sababu shaba ninayo.

Nimepima tena kati ya kasha na ardhi: volti 2. Binti yangu alivua viatu, akagusa kwa kidole kimoja, kisha kwa kiganja kizima, akasubiri. Hakuna sisimizi.

Jumamosi, 6 Desemba

Hesabu, kwa anayetaka kuilinganisha na yake. Prosesa 125, bodi 88, RAM 64, SSD ya terabaiti moja 58, alimantasio 55, kasha 30, skrini 50, kibodi na kipanya 15, kilo tatu za Dubai 45, stabilizateri (kifaa cha kusawazisha volti) 40, kazi ya ardhi 30. Jumla dola 600, na Minecraft yenyewe 30 juu yake. Ile ya dukani pamoja na skrini, kibodi, stabilizateri na ardhi ingefika 615, kwa hiyo kujenga kumeniokolea dola 15 tu.

Stabilizateri naitaka zaidi kwa zile 233 za usiku na kwa sababu umeme ukirudi inangoja dakika tatu kabla ya kuuruhusu kupita. Kwenye matundu ya hewa mama yao ameshona kipande cha soksi ndefu ya nailoni. Tumekiweka sasa ili vumbi jekundu la mwezi wa saba likute mlango umefungwa. RAM ilikuwa inakimbia 2400 badala ya 3200 iliyoandikwa juu yake, mpaka mpwa wangu alipoiwasha XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili, kwenye bodi. Tofauti ilionekana kwa macho. Mchezo wa mpira tumeushusha hadi 720p, picha yenye nukta chache, na unachezeka. Michezo inayozidi gigabaiti 100 hatuigusi, bei ya intaneti haituruhusu. Minecraft ikishaingia mara moja inacheza bila mtandao.

Kwenye Minecraft anajenga bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na ule mlima wa masalia ulio pembeni yake. Bomba limefika juu ya mawingu. Jana alinionyesha kwamba kwenye mchezo huo shaba ikikaa nje inageuka kijani, kama kweli, na kwamba unaweza kuyeyusha vipande vitatu vya shaba ukatengeneza fimbo inayovuta radi. Ameiweka moja kileleni.

"Kama yetu ya chini ya mwembe, Papa."

Nimemwambia hapana, ile yetu ni ndogo, ni ya kuvuja tu. Radi ya kweli ikija haitamlinda mtu wala kompyuta. Leo saa tisa alasiri mawingu yamekusanyika upande wa Kipushi, na ngurumo ya kwanza ilipolia nilikuwa bado karakana. Niliporudi nimekuta plagi ya ukutani imechomolewa, waya wa skrini umechomolewa, na yeye amekaa sakafuni na daftari, anachora ghorofa inayofuata ya bomba kwa bic ya buluu.